Nusu Tone

Ukitaka kumjua mwanafunzi wa kemia aliyeiva, usimpe karatasi ya maswali. Mpe bureti. Jedwali la elementi mtu anaweza kulikariri usiku mmoja na kulisahau wiki ijayo, lakini mkono wa titresheni haukaririki.

Tangu Karl Friedrich Mohr wa Ujerumani achapishe kitabu chake cha titresheni mwaka 1855, kazi yenyewe haijabadilika sana. Bureti ni mrija mrefu wa kioo, sifuri ikiwa juu na 50 chini, na koki ndogo miguuni. Humo hutiwa asidi. Kwenye flaski, juu ya kigae cheupe, hukaa besi iliyopimwa kwa pipeti, mara nyingi sentimita za ujazo 25, pamoja na matone mawili matatu ya kiashiria, kinachogeuka rangi besi inapoisha.

Mwenye mkono mzuri huonekana kabla hata tone halijadondoka. Bureti huisuuza kwa asidi ileile itakayoingia humo, pipeti kwa besi, ila flaski kwa maji tu, maana besi itakayobaki kwenye kuta zake itamwongezea hesabu asiyoijua. Akishajaza bureti huondoa faneli isije ikamdondoshea. Hufungua koki ghafla kidogo ili kutoa kiputo cha hewa kilichojificha chini yake. Pipeti akiimwaga, tone linalong'ang'ania kwenye ncha halipulizi. Huigusisha ncha kwenye ukuta wa flaski na kuliacha linalobaki libaki, kwa kuwa pipeti ilitengenezwa likiwa limehesabiwa. (Ziko shule ambazo wanafunzi bado hufyonza kwa mdomo. Kipira cha kufyonzea si anasa.)

Kisha mikono inagawana kazi. Wa kushoto unaikumbatia bureti na kushika koki. Wa kulia unaizungusha flaski kwa shingo, kama mtu asiye na kijiko anavyozungusha kikombe kuyeyusha sukari iliyotuama. Mzunguko wa kwanza ni wa kukisia: asidi inaachiwa ikimbie, rangi igeuke, mtu ajue mpaka uko wapi. Raundi zinazofuata anakimbia hadi karibu na mpaka huo, halafu anapunguza. Kila asidi inapoangukia, rangi inapotea kidogo kisha inarudi. Kurudi kunapochelewa, ndipo anaanza kuhesabu tone kwa tone.

Kuhesabu huko kuna sababu yake. Kwa asidi hidrokloriki na hidroksidi ya sodiamu za 0.1 M, tone moja kabla ya mpaka pH ni karibu 10, na tone moja baada yake ni karibu 4. Tone lenyewe ni kama sentimita za ujazo 0.05. Ndiyo maana kiashiria cha fenolfthaleini, ambacho wanafunzi Tanzania hukiita POP, hutoka waridi kikawa hakina rangi kufumba na kufumbua. Methili ya chungwa ni ngumu zaidi: kutoka njano hadi rangi ya chungwa, na ukizidisha kidogo tu, waridi. Hapo fundi hutumia nusu tone. Huliacha lining'inie kwenye ncha bila kuanguka, huligusisha na ukuta wa flaski, kisha hulisukuma ndani kwa maji safi. Maji hayaharibu kitu. Yanaongeza ujazo, si besi.

Kusoma nako ni kazi. Uso wa asidi hubonyea katikati, na kipimo husomwa chini ya bonde hilo jicho likiwa sawa nalo. Mfupi hupanda kigoda au huishusha bureti, mrefu huinama. Anaandika 24.50, tena 24.45, na hapo ndipo kishawishi huja: kupika majibu ili yalingane. Mkono uliozoea hauhitaji kupika.

Nyuma ya haya yote yupo mtu ambaye cheti hakimtaji, fundi wa maabara. Ndiye aliyepima kaboneti ya sodiamu kavu gramu 5.3 kwa lita ili apate 0.05 M. Ndiye aliyemimina asidi kali ndani ya maji, wala si maji ndani ya asidi, na anayejua kwamba hidroksidi ya sodiamu ikiachwa wazi mezani hunyonya unyevu hewani na kudanganya mizani. Katika mtihani wa KCSE wa Kenya, ujazo wa mwanafunzi hulinganishwa na ule uliopatikana shuleni kwake kwa myeyusho uleule, kwa hiyo mwalimu au fundi naye hushika bureti, na uzembe wake unaweza kuwagharimu alama darasa zima. Mtihani ukiisha, wengine wakijadili hesabu nje, fundi yumo ndani anasuuza bureti moja moja. Kama kuna iliyotiwa besi kali, huanza na hiyo, kwa sababu koki ya kioo ikilala na besi huganda, na mwakani itakuwa imepungua bureti moja.