Namna ya Kupima Mlio wa Treni ya Mfano

Mnunuzi mgeni wa treni za mfano akishika kidhibiti, kwanza hubonyeza honi. Mjuzi huiacha mpaka mwisho. Honi ni sauti nyepesi kuliko zote, kwani hulia peke yake bila kulazimika kuafikiana na chochote. Ugumu uko kwenye injini, ambayo mlio wake lazima ufuate kazi inayofanyika: kuondoka, kuvuta mzigo, kuteremka, kusimama. Lionel ya Marekani iliuza treni zenye filimbi tangu 1935, lakini injini inayopumua sawasawa na magurudumu yake ilikuja baadaye.

Siku hizi sauti hutunzwa ndani ya dikoda, kibao kidogo cha elektroniki kinachofichwa tumboni mwa injini. LokSound ya Ujerumani na SoundTraxx ya Marekani zinasifika sana, ila jina kubwa halimwondolei mnunuzi wajibu wa kusikiliza.

Aanze na hesabu ya pumzi. Injini ya mvuke yenye silinda mbili hupumua mara nne kwa kila mzunguko wa gurudumu. Yenye silinda tatu, kama Mallard ya Uingereza, mara sita. Gurudumu dogo lenye kipenyo cha milimita 16 husogea takriban sentimita 5 kwa mzunguko mmoja. Basi treni iendeshwe taratibu kabisa, macho yakiwa kwenye fito za magurudumu, na pumzi zihesabiwe. Zikitoka tatu sasa na tano baadaye, mtengenezaji hakuirekebisha dikoda ifuatane na magurudumu.

Mtihani mkali zaidi ni Garratt za daraja la 59 za Reli ya Afrika Mashariki, zilizoundwa na Beyer, Peacock mjini Manchester mwaka 1955 na 1956. Mbili kati ya hizo, Mount Gelai na Mount Shengena, zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli, Nairobi. Garratt ina injini mbili zinazopata mvuke kutoka boila moja, na injini hizo hazikufungwa pamoja. Pumzi zake hukutana, zikaachana polepole, kisha zikakutana tena. Mfano unaotoa pumzi nne zilizonyooka tangu mwanzo hadi mwisho umeikosa Garratt. Isitoshe, daraja la 59 lilichoma mafuta mazito. Sauti ya koleo likichota makaa ni dalili kwamba rekodi ni ya injini nyingine.

Kwa dizeli kipimo hubadilika. Injini ya dizeli-umeme huzungusha jenereta, na umeme wake ndio unaoendesha mota za magurudumu. Kwa hiyo mngurumo hupanda kabla treni haijasogea, na kwenye mteremko hushuka hadi chini kabisa huku mabehewa yakikimbia. Mlio unaopanda na kushuka pamoja na mwendo, kama wa gari dogo, hauifai dizeli ya reli.

Spika nayo ikaguliwe. Ni lazima ikae ndani ya kisanduku kilichozibwa kabisa, la sivyo mawimbi ya nyuma hufuta yale ya mbele na sauti hubaki nyembamba. Pengo dogo tu la gundi kwenye ukingo hutosha kupunguza besi.

Kisha sauti ipunguzwe. Nyingi hutoka kiwandani zikiwa juu mno, na spika ndogo ikilazimishwa hukwaruza. Treni ipitishwe pia juu ya makutano ya reli, mahali umeme unapoweza kukatika kwa muda mfupi sana: dikoda yenye kapasita ya akiba huendelea kuunguruma, isiyo nayo hukatika na kuanza upya.

Kasoro ya rekodi pekee isimzuie mtu kununua injini iliyoundwa vizuri. LokSound hukubali kufutwa na kuwekewa sauti nyingine kupitia kompyuta. Spika iliyobanwa mahali pasipo na nafasi ya kisanduku ni vigumu zaidi kuitibu.