John Deacon: Besi Iliyowabeba Queen

Sisi tunaoishi Uingereza tunalijua vizuri swali linalofuata tukisema tumetoka Zanzibar: "Kwa kina Freddie Mercury?" Nasi huitikia kwa fahari. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja mwaka 1946, akahamia huku na wazee wake mwaka 1964 baada ya Mapinduzi, na akaja kuwa mwimbaji wa kundi la Queen. Alipofariki Novemba 1991 tulikuwa wanafunzi wa uhandisi, na kanda za Queen zilipigwa bwenini usiku baada ya usiku.

Makala haya, hata hivyo, hayamhusu Freddie. Yanamhusu mtu aliyesimama nyuma yake, karibu na dramu, akipiga gitaa la besi: John Deacon. Miaka yote ile tulikuwa tukimsikia bila kumsikiliza.

Deacon alizaliwa Leicester mwaka 1951. Alikuwa wa mwisho kuingia katika kundi, mwaka 1971, na mdogo wao kwa umri. Mwaka huo huo alipata shahada ya elektroniki, daraja la kwanza, Chelsea College, London. Ni mwenzetu wa fani, na kwa sikio letu fani hiyo inasikika katika besi yake. Freddie ana sauti inayopanda na kushuka atakavyo. Brian May ana gitaa linaloimba. Roger Taylor ana dramu na sauti nyembamba ya juu. Watatu hao wanaijaza nyumba nzima. Mgeni akifika Mji Mkongwe hupiga picha mlango wa nakshi. Dari linabebwa na boriti za mikoko ambazo hakuna anayezitazama. Deacon aliona kwamba milango ya nakshi ipo ya kutosha, akachagua kuwa boriti.

Sikilizeni "Another One Bites the Dust", alioutunga yeye mwenyewe na uliofika nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1980. Besi inapiga vishindo vitatu vya sauti ile ile, kisha inanyamaza. Ufundi uko katika kimya hicho. Mpigaji mwenye pupa angekijaza kwa madoido. Deacon anakiacha wazi, na msikilizaji anakijaza mwenyewe kwa mguu au kichwa. Katika "Under Pressure" ya mwaka 1981, waliyoimba na David Bowie, besi inarudiarudia sauti mbili tu, na wimbo unatambulika kabla mtu hajafungua kinywa.

Wapo watakaosema alipiga kidogo kwa kuwa ndicho alichokiweza. Hao wasikilize "The Millionaire Waltz" ya mwaka 1976. Mwanzoni besi inakwenda bega kwa bega na piano ya Freddie, inapanda, inajibu, inacheza. Aliweza, ila hakuona haja ya kutuonyesha kila siku. Hata katika "You're My Best Friend", wimbo aliomtungia mkewe, Freddie alipoikataa piano ya umeme Deacon aliipiga mwenyewe, kazi ikaendelea.

Tusimsifu kupita kiasi. Katika albamu ya Hot Space ya mwaka 1982, mapenzi yake kwa muziki wa disko yalilivuta kundi mbali, na katika baadhi ya nyimbo kazi ya besi ikaachiwa sinthesaiza. Nyimbo hizo zinapwaya, na kwetu huo ni ushahidi wa upande wa pili: boriti ikitolewa, ndipo unapojua ilikuwa ikibeba nini.

Mchango wake haukuishia kwenye nyuzi nne. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliokota bodi ya saketi kwenye taka za London, akaitia ndani ya kasha la spika na kuiendesha kwa betri ya volti 9. Kwa kifaa hicho Brian May alirekodi gitaa lake likaiga bendi nzima ya jazi katika "Good Company" ya mwaka 1975. Sifa zikaenda kwa gitaa, na hatuna habari kwamba Deacon alizidai.

Mwaka 1997 aliacha muziki. Mwaka 2001 Queen walipoingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame, Brian na Roger walihudhuria, yeye hakwenda.

Kwa nini tunayasema haya katika kurasa za jumuiya? Kwa sababu huku ughaibuni hatupungukiwi na waimbaji. Sisi wenyewe tuliwahi kukaa katika kamati ya sherehe miaka kadhaa, tukimshukuru mgeni rasmi, msoma risala na waliopika biriani. Palikuwa na mzee mmoja aliyefika saa mbili kabla na funguo za ukumbi, akapanga viti, akaunganisha nyaya za vipaza sauti, kisha akakaa nyuma. Alirudi nyumbani kwa moja kwa moja, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulitaja jina lake mbele za watu.

Basi wikiendi hii chukueni wimbo wowote wa Queen mnaoupenda. Mara ya kwanza msikilizeni Freddie, kama kawaida. Mara ya pili fuateni besi peke yake, tangu mwanzo hadi mwisho.