Kusadikika kwa Habari za Mbali: Titan mbele ya Msomaji wa Handeni na Korogwe

Shaaban Robert alipotoa kitabu chake Kusadikika mwaka 1951, aliiweka nchi ya hadithi yake angani, akasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita: mashariki na magharibi, kaskazini na kusini, juu mbinguni na chini ardhini. Wajumbe hao walipata taabu nyingi safarini, wakarudi na habari zenye manufaa kwa watu wao, na ujira wao ukawa kifungo. Wahakiki wamekwisha kueleza kwa mapana jinsi kisa hicho kinavyohusu sheria na utawala. Lakini limo ndani yake swali jingine, nalo ni la fasihi hasa: habari ya mahali ambapo msikilizaji hatafika kamwe huaminika kwa njia gani? Jina lenyewe la kitabu linauliza jambo hilo.

Swali hili limepata uzito mpya tangu tarehe 14 Januari 2005. Siku hiyo chombo kiitwacho Huygens kilishuka juu ya Titan, mwezi mkubwa kupita miezi yote ya sayari ya Zohali. Kilikuwa kimebebwa na chombo kingine, Cassini, kilichorushwa kutoka duniani mwaka 1997 na kufika Zohali mwaka 2004. Huygens kilishuka kwa mwavuli muda wa saa mbili na nusu hivi, na kilipokwisha kutua kiliendelea kuleta habari kwa zaidi ya saa moja. Mwezi wenyewe ulikuwa umejulikana tangu mwaka 1655, ulipoonwa na mtaalamu Mholanzi Christiaan Huygens, ambaye jina lake ndilo lililopewa chombo hicho; na mwaka 1944 Gerard Kuiper alithibitisha kwamba una gesi ya methani. Walakini ukungu mzito wa rangi ya machungwa uliufunika uso wake, na darubini za duniani hazikuweza kuupenya kwa urahisi.

Habari zilizoletwa ni za ajabu. Titan una upana wa kilomita 5,150, hata unaushinda ukubwa wa sayari ya Utaridi. Baridi yake hufika nyuzi 179 chini ya sifuri. Hewa yake, ambayo kwa sehemu kubwa ni naitrojeni, ina kani ya mara moja na nusu ya hewa ya duniani. Humo mna mawingu, mvua, mito, maziwa na bahari, lakini kinachotiririka si maji bali ni methani. Maji yenyewe yameganda yakawa mwamba. Majira moja huchukua zaidi ya miaka saba, kwa kuwa Zohali huchukua karibu miaka 29 na nusu kulizunguka jua.

Aghalabu msimulizi wa mambo kama haya hufuata mojawapo ya njia mbili. Ya kwanza ni kumrundikia msomaji hesabu na kumwacha hapo. Hesabu ni za kweli, lakini nyuzi 179 chini ya sifuri hazina ladha yoyote katika fikra za mtu ambaye baridi kali aijuayo ni ya asubuhi ya Usambara. Njia ya pili ni kuazima picha za nchi za Kaskazini: theluji inayoanguka, maziwa yaliyoganda, watu waliojifunika manyoya. Picha hizo zina kasoro mbili. Kwanza, si za msomaji, naye hulazimika kufikiri nchi moja ya mbali ili aifahamu nyingine iliyo mbali zaidi. Pili, haziufanani mwezi huo. Uso wa Titan haukupambwa kwa theluji ya Ulaya. Umechimbwa na mafuriko yanayokuja mara chache na kukauka muda mrefu.

Ikiwa yatafutwa mahali pa kuufananisha, Handeni na Korogwe ni kitabu kilichokwisha funguliwa. Mji wa Korogwe umekaa kando ya Mto Pangani, ambao wenyeji wengi huuita Ruvu, nao hutiririsha maji mwaka mzima kwa kuwa chemchemi zake zatoka Kilimanjaro na Meru. Handeni, upande wa kusini, ni nchi ya hali nyingine. Mvua zake hazitegemeki, na vijito vyake vingi ni makorongo: masika yakinyesha vizuri hujaa kwa kishindo, na jua likiwaka hubaki mchanga na mawe matupu. Ndiyo maana mabomba yamevutwa kutoka Mto Pangani, upande wa Korogwe, kupeleka maji Handeni.

Mwenyeji wa Handeni husoma korongo kavu kama mwanachuoni asomavyo maandiko. Jiwe lenye kingo kali halijasafiri. Jiwe lililoviringika limesukumwa na maji. Takataka zilizonasa katika matawi humwambia kimo cha mafuriko yaliyopita. Huhitaji kuyaona maji ili kuyajua. Na huo ndio usomaji uliofanywa na wataalamu mwaka 2005. Picha zilizopigwa Huygens kilipokuwa kikishuka zilionyesha mifereji inayoungana kama mishipa ya jani, na picha ya ardhini ilionyesha vipande vya barafu vilivyoviringika, vingi vikitoshea kiganjani. Hakuna kilichokuwa kikitiririka hapo wakati huo, lakini ardhi ilikuwa na unyevu, na joto la chombo lilitoa mvuke wa methani. Yeyote aliyekulia kando ya korongo angetamka hukumu ile ile: mto umepita hapa.

Ulinganisho waweza kuendelezwa. Karibu na ncha ya kaskazini ya Titan ziko bahari na maziwa yasiyokauka, kubwa kupita zote ikiwa ni ile iitwayo Kraken Mare. Huko ndiko kwenye hali ya Korogwe. Katikati ya mwezi umeenea ukanda wa vilima vya mchanga mweusi na mifereji mikavu. Huko ndiko kwenye hali ya Handeni. Mwaka 2010 Cassini kiliona wingu kubwa katika ukanda huo, na baadaye eneo pana la nchi likageuka jeusi, kisha likarudia weupe wake polepole. Maelezo yaliyokubalika ni kwamba mvua ilikuwa imenyesha, nchi ikalowa, kisha ikakauka.

Lakini mfano usio na mpaka ni hatari kama hesabu isiyo na mfano. Neno “barafu” katika miji ya mwambao humkumbusha msikilizaji kitu laini kinachoyeyuka mkononi. Juu ya Titan, barafu ni ngumu kama jiwe, na yafaa iitwe mwamba. Neno “mvua” huleta fikra za mahindi kuchipua. Mvua ya Titan haioteshi kitu, nayo ni gesi ile ile itokayo katika samadi na vinamasi, iliyogeuzwa kuwa maji maji kwa baridi. Tena, kwa kuwa uzito wa vitu huko ni kama moja ya saba ya uzito wao hapa, imekadiriwa kwamba tone huanguka kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mwandishi mwema, basi, huonyesha kwanza mfano unaofanana, halafu huonyesha mahali mfano unapokatika. Akiacha la kwanza, haeleweki. Akiacha la pili, anadanganya.

Watakuwako wasemao kwamba kazi hii ni ya wataalamu wa nyota, wala haihusu wahakiki wa lugha. Hoja hiyo haisimami. Lugha isiyoweza kumpa mwanafunzi wa Handeni njia ya kuipima habari humwachia mambo mawili tu: kuikubali kwa sababu imesemwa na wakubwa, au kuikataa kwa sababu ni ngeni. Yote mawili ni utumwa wa akili. Shaaban Robert hakukusudia kupima hewa na udongo wa nchi yake ya angani. Alikusudia kupima haki. Hata hivyo alionyesha kwamba wajumbe hufungwa pale ambapo habari huhukumiwa kwa cheo cha wasikilizaji badala ya ushahidi wake. Ujumbe mwingine uitwao Dragonfly umepangwa kurushwa kwenda Titan mwaka 2028, kufika katika miaka ya 2030. Habari zake zitawafikia wasomaji wa Kiswahili kwa maneno ya mtu fulani. Ikiwa maneno hayo yatakuwa na mawe ya makorongo ndani yake, kijana wa Handeni atakaa katika kiti cha hakimu, wala si cha mshangaaji.