Sabufa na Maneno ya Boksi

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sabufa ya bei nafuu hujitembeza kwa boksi lililoandikwa wati 1,000. Chomoa waya wa umeme, ifungue, kisha itazame transfoma. Ikiwa imeandikwa volti 12 na ampea 2, zidisha: ni wati 24. Spika hazitapata mfululizo nguvu ambayo transfoma haina.

Hata hivyo, mimi siilaumu bei. Ndani mara nyingi mna TDA2030, kijidude cha kukuza sauti chenye wati 14 hivi, nazo sebuleni zinatosha. Kinachoudhi ni tundu la waya kushikiliwa na lehemu tupu, bila skrubu. Kila unapochomeka, lehemu huchoka, mwishowe hupasuka na upande mmoja ukanyamaza. Dawa ni kulehemu upya, basi.

Lakini kasha likiwa limegandishwa kwa gundi pande zote, mtengenezaji amekwisha kukunyima dawa hiyo. Huo ndio ubovu wenyewe. Chombo duni kinachofunguka kwa bisibisi bado kinamheshimu mnunuzi, kwa maana mwenye kipato kidogo hana fedha ya kununua mara mbili.