Kukompaili Kibamba: nani alipie saa za prosesa?

Debian, mfumo wa Linux ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, hukuletea pakeji ikiwa tayari: msimbo umeshakompailiwa kwenye seva zao, wewe unaandika amri ya apt, faili zinashuka na kujipanga. Gentoo, Linux nyingine ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka 2002, inakupa maelekezo. Portage, programu yake ya kusimamia pakeji, inashusha msimbo, inautia viraka, halafu prosesa yako ndiyo inayotoka jasho.

Kwa mkazi wa Kibamba, Dar es Salaam, hesabu inaanzia kwenye bando na umeme wa LUKU. Msimbo wa Firefox uliobanwa unapita MB 400, ilhali pakeji iliyo tayari haifiki 100. Laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4 itaunguruma kutwa nzima, na umeme ukikatika katikati, pakeji ile kwa kawaida inaanza upya. Mashabiki wa Gentoo wanasifu kasi; mimi sioni kama inarudisha gharama. Faida ya kweli iko kwenye swichi za USE, zinazokuwezesha kuacha nje usichokihitaji, kwa mfano bluetooth au uchapishaji kwenye seva isiyo na printa.

Hata hivyo msimbo una kazi ambayo pakeji tayari haiwezi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukishirikiana na IT+46 ya Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Kazi ya namna hiyo inataka maneno ya menyu na ujumbe yachomolewe kwenye msimbo, yatafsiriwe kwa istilahi zilizokubaliwa, yarudishwe mahali pake, kisha programu ijengwe. Ni kazi nzito, lakini inafanywa na wachache mara moja. Wengine wote wanaweka kilichokwisha kujengwa. Kumwambia kila mwalimu aikompaili OpenOffice nyumbani kwake kungeuzika mradi siku ya kwanza.

Na usalama je? Wengi huamini kwamba ukijenga mwenyewe umejikinga. Machi 2024 mhandisi wa programu Andres Freund, akishangaa kwa nini kuingia kwa SSH kumechelewa kama nusu sekunde, aligundua mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana data. Hati iliyouwasha ilikuwa kwenye kifurushi cha msimbo kilichotolewa rasmi, wala haikuwemo kwenye hazina ya git, na ilijiwasha pale tu ilipoona inajengwa pakeji ya deb au rpm. Baadhi ya watumiaji wa Gentoo walishusha msimbo uleule wenye sumu. Walipona kwa sababu mvamizi hakuwalenga. Kukompaili msimbo usiousoma hakukulindi.

Gentoo wenyewe, waliokuwa na firefox-bin, yaani Firefox iliyojengwa tayari, tangu zamani, Desemba 2023 walianza kutoa pakeji tayari kwa wingi kwa amd64 na arm64. Nisingewacheka.

Ofisi yenye kompyuta kumi ina njia ya kati. Kwa Debian, weka apt-cacher-ng kwenye kompyuta moja: pakeji inashushwa kwa bando mara moja, tisa zilizobaki zinaichukua kwenye mtandao wa ndani. Programu moja ikihitaji kiraka, apt source inakuletea msimbo wake. Unaijenga hiyo tu kwenye mashine yenye nguvu, usiku, kisha unawagawia wengine deb.