Dumu la Maji na Hesabu ya Nusu Lita

Mwanamke wa Unyambwa, kata iliyomo katika Manispaa ya Singida, hana haja ya kufundishwa mzigo ni kitu gani, kwa maana tangu utotoni ametwishwa ndoo ya maji, ameinua debe la mtama bighairi ya kusaidiwa, na amerudi kutoka porini na kuni kichwani na mtoto mgongoni kwa safari moja. Na ndiyo sababu mama wa makamo aliyepimwa akaonekana shinikizo lake la damu limepanda, akashauriwa apunguze mwili, kisha akaambiwa na wanawe wakaao mjini kwamba dawa ni kupiga chuma, huuliza kwa haki kabisa: chuma cha nini tena kwa mtu aliyebeba mizigo umri wake wote? Swali hilo lina uzito kuliko wanavyodhani wanaolicheka, na asiyelijibu hawezi kumchagulia mama huyo utaratibu wowote wa mazoezi.

Jawabu lake lilianza kupatikana hapa hapa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1986 jarida la sayansi liitwalo Nature lilichapisha utafiti wa Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake, ambao waliwapima wanawake wa Kijaluo wabebao mizigo kichwani, na wa Kikikuyu wabebao mgongoni kwa ukanda upitao penye paji la uso, wakihesabu hewa ya oksijeni waliyoitumia walipokuwa wakitembea. Walichokiona kiliwashangaza: mzigo uliofikia sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili haukuwaongezea wanawake wale gharama yoyote kuliko kutembea mikono mitupu, na ni ule uliozidi hapo tu ndio ulioanza kudai nguvu ya ziada. Mwanamke wa kilo 70, kwa hesabu hiyo, aweza kuchukua lita 14 za maji na mwili wake usijue kama amebeba kitu. Utafiti mwingine wa mwaka 1995 ulieleza namna ilivyo: mwendo wa wanawake wale, wakiwa na mzigo, hufanana zaidi na timazi iliyoning'inizwa ikapewa msukumo, nguvu ya kushuka ikirudishwa katika kupanda, hata kidogo tu kikapotea njiani.

Hayo ni maarifa makubwa, na mimi nayastahi sana. Lakini mtu anayetaka kupunguza mwili na kuimarisha misuli ayasome kwa upande wake wa pili. Mwili uliozoea mzigo hujifunza ubahili. Ndoo ya leo ni ile ile ya jana na ya mwaka juzi, lita 20 wala si 21, na misuli iliyokwisha kuimudu haina sababu ya kukua, sembuse kujiongezea nguvu wakati ambapo chakula kimepunguzwa. Kubeba ni kazi, na kazi hiyo ni ya heshima. Ila utaratibu wa kunyanyua uzito ni jambo jingine, kwa kuwa shina lake ni mzigo unaoongezeka kwa kipimo kinachojulikana.

Pana dhana ya pili inayopasa kuondolewa kabla ya kuchagua, nayo ni kwamba jasho ndilo liyeyushalo mafuta. Katika wilaya ya Mkalama, mkoani humu humu Singida, na kuzunguka ziwa Eyasi, wanaishi Wahadzabe, ambao Herman Pontzer na wenzake waliwapima wakatangaza matokeo yao mwaka 2012: watu wale wanaotembea, kuchimba mizizi na kuwinda siku nzima hawakuonekana kutumia nguvu nyingi kwa siku kuliko watu wa Marekani na Ulaya wanaoketi maofisini, baada ya kuzingatia tofauti ya ukubwa wa miili. Maana yake si kwamba mazoezi ni bure, la hasha. Maana yake ni kwamba uzito hupungua hasa chunguni na sahanini. Kazi ya kunyanyua ni nyingine kabisa, nayo ni adhimu: chakula kikipungua, mwili hula mafuta yake pamoja na misuli, na ni ile misuli iliyotakiwa kazi nzito katika siku hizo hizo ndiyo ihifadhiwayo. Anayepungua kilo 10 bila kunyanyua chochote hupoteza sehemu ya nguvu zake pamoja na mafuta, na mama wa shambani hana nguvu za kutupa.

Kanuni ya mzigo unaoongezeka ni ya kale, lakini aliyeitia katika hesabu za kitabibu ni Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani, aliyekuwa akitibu askari walioumia magoti katika hospitali ya jeshi huko Chicago wakati wa vita kuu ya pili. Desturi ya wakati ule ilikuwa kuwapa majeruhi mazoezi mepesi ya kurudiwa mara nyingi; yeye akafanya kinyume, akawapa mizigo mizito kwa marudio machache, na mwaka 1945 akachapisha matokeo yake. Mwanzoni aliagiza mikupuo saba hadi kumi ya marudio kumi kumi, na miaka mitatu baadaye, akiwa na mwenzake Arthur Watkins, akakiri kwamba hiyo ilikuwa ziada isiyohitajika, akaipunguza ikawa mikupuo mitatu tu: wa kwanza kwa nusu ya mzigo ambao mtu aweza kuuinua mara kumi, wa pili kwa robo tatu yake, wa tatu kwa mzigo kamili. Mkupuo ndio ambao vijana wa jimu huuita seti. Napenda sana kitendo kile cha kupunguza, kwa sababu taratibu nyingi wanazouziwa wanawake siku hizi zimezidishwa mazoezi hata haijulikani lipi lifanyalo kazi.

Sasa tuzitazame zile zilizo mezani. Iliyoenea sana ni ya mikupuo mitano ya marudio matano, siku tatu kwa wiki, kwa fimbo ya chuma ya kilo 20, ambayo huongezewa kilo 2.5 kila siku ya mazoezi. Ni utaratibu mzuri, na umewanufaisha wengi, ila umepimwa kwa mabega ya mwanamume. Mwanamke hukaribiana na mwanamume katika nguvu za miguu na nyonga, lakini katika mabega na mikono hupitwa sana. Na hata akipewa fimbo ya kilo 15, ambayo ndiyo ya wanawake katika mashindano, kuongeza kilo 2.5 juu yake ni kuongeza sehemu moja ya sita kwa hatua moja. Zoezi la kusukuma mzigo juu ya kichwa hukwama wiki ya tatu, naye hujidhani ni dhaifu, ilhali taksiri ni ya ngazi iliyojengwa kwa vidato virefu mno.

Ya pili ni ile ya vyuma vyepesi vya kilo moja au mbili, vinavyochezwa kwa muziki mara hamsini, na sababu itolewayo ni kwamba mwanamke akinyanyua kizito atageuka dume. Dhana hii inanihuzunisha, kwa kuwa imewanyima wanawake wengi haki ya miili yao. Homoni inayowatunishia wanaume misuli imo katika damu ya mwanamke kwa kiasi kidogo mara kumi na zaidi kuliko ya mwanamume, na haipandi kwa kushika chuma. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Griffith, Australia, walitangaza habari za wanawake 101 waliokoma hedhi na ambao mifupa yao ilikwisha kuanza kupungua: waliopewa mizigo mizito, mikupuo mitano ya marudio matano, nusu saa, mara mbili kwa wiki kwa miezi minane, chini ya msimamizi, mifupa ya uti wao wa mgongo iliongezeka uzani, na wenzao waliofanya mazoezi mepesi nyumbani wakapungukiwa. Wale walikuwa akina bibi.

Kwa hiyo mimi nachagua utaratibu wa siku mbili kwa wiki, wa mikupuo mitatu kwa idadi ile ya DeLorme, ila yote kwa mzigo mmoja, na wa mazoezi manne tu: kuinua mzigo kutoka chini, kuchuchumaa nao, kuusukuma juu ya kichwa, na kuuvuta kuelekea tumboni huku kiwiliwili kimeinama. Manne hayo hufikia karibu misuli yote mikubwa. Na vyombo vyake vimo nyumbani, wala sisemi hivyo kwa kufariji asiye na fedha za jimu. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na vipimo vyake vyaweza kuwa vyembamba kadiri utakavyo: chupa ya maji ya nusu lita ni nusu kilo, na bilauri ya robo lita ni robo kilo. Kile kidato kirefu kilichomkwamisha mwanamke katika fimbo ya chuma, dumu la maji hukikata vipande vidogo vidogo.

Tuseme mama ana madumu mawili ya lita 20. Siku ya kwanza aweke lita 10 katika kila moja, asimame katikati yake, asukume makalio nyuma, mgongo ukiwa umenyooka kama ubao, ashike mikono ya madumu na kusimama nayo, mara nane. Apumzike dakika mbili au tatu, wala asione haya kupumzika, kisha arudie mpaka mikupuo mitatu itimie. Marudio yakifika kumi katika mikupuo yote mitatu, na mgongo haukupinda, siku inayofuata huongeza nusu lita kila dumu, yaani kilo moja kwa jumla. Akifaulu kila mara, baada ya nyongeza 20, ambazo ni wiki kumi, madumu yatakuwa yamejaa naye atakuwa akiinua kilo 40, maradufu ya alipoanzia. Asipofaulu, abaki pale pale hata wiki mbili; chakula kikiwa pungufu hilo ni la kutarajiwa, wala halina aibu. Madumu yakishajaa, mchanga mkavu ulio ndani ya gunia hushika zamu, kwa kuwa lita moja yake huzidi kilo moja na nusu, na pia hautikisiki kama maji ya dumu lisilojaa.

Kwa kuchuchumaa akumbatie dumu moja kifuani. Kwa kusukuma juu atumie madumu madogo ya mafuta ya lita tano, akianza na lita mbili kila mkono na kuongeza kwa bilauri. Pumzi isifungwe: atoe pumzi anapoinua na kuivuta anaposhusha, maana kufunga pumzi hupandisha shinikizo la damu kwa ghafla, na mwenye maradhi hayo, au mjamzito, au aliyejifungua karibuni, sharti amwone tabibu kwanza.

Nikija kwenye chakula, nasema jambo ambalo Singida, nchi ya alizeti, huenda isipendezwe nalo. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori 120 hivi, na chungu kilichomiminiwa vijiko vinne zaidi ya haja kimeongezewa kalori 480. Upungufu unaoshauriwa kwa mtu anayetaka kushuka karibu nusu kilo kwa wiki ni kalori 500 kwa siku. Mpishi anayekula peke yake kile chungu aweza basi kuupata karibu wote kwa kupima mafuta kwa kijiko badala ya kuyamimina kutoka chupani, na ugali wake usiguswe sana. Kinachopasa kuongezwa ni protini, ambayo wataalamu wengi huikadiria gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa mtu anayenyanyua. Mlenda ni mboga njema, lakini peke yake haufikishi hapo, wala yai moja lenye gramu sita. Dagaa wakavu, ambao nusu ya uzito wao na zaidi ni protini, kunde, choroko, maziwa, na yule kuku wa kienyeji ambaye Singida imejipatia jina kwake lakini aghalabu huuzwa kwa wasafiri badala ya kuliwa na aliyemfuga, ndio wanaoweza kutimiza hesabu. Laiti mama huyu angejitengea japo mayai ya kuku wake mwenyewe.

Mizani isiaminiwe peke yake. Katika wiki za mwanzo misuli iliyoshtuliwa huhifadhi maji, na uzito waweza kusimama au hata kupanda kidogo ilhali mafuta yanapungua. Wengi huacha hapo. Kamba iliyozungushwa penye kitovu, ikafungwa fundo kila mwanzo wa mwezi, hutoa ushahidi thabiti zaidi, na ushahidi wa pili ni alama ya makaa kwenye ubavu wa dumu, ionyeshayo maji yalifika wapi siku ya mwisho.

Mvua zikianza kunyesha karibu na Desemba, na jembe likidai mgongo ule ule uliokuwa ukiinua madumu, asiache wala asishindane na shamba: siku moja kwa wiki, kwa mzigo ule ule, yatosha kwa muda huo, kwa sababu nguvu hutunzwa kwa kazi ndogo kuliko ile iliyoijenga. Na alizeti ikishavunwa, atafute ile alama ya mwisho ya makaa kwenye dumu, ajaze maji hadi lita mbili chini yake, kisha aanze tena kuongeza nusu lita.