Marinda ya fundi na marinda ya mtaani

Siku hizi ni vigumu kulitaja neno 'marinda' mbele ya vijana bila kuzua kicheko. Muhula huu nilitoa mfano wa 'sketi ya marinda' darasani, na nusu ya wanafunzi wakainamisha vichwa wakicheka chini kwa chini. Sikuhitaji kuuliza sababu. Mitaani na mitandaoni neno hilo limebandikwa sehemu ya mwili isiyotajwa kadamnasi, na mara nyingi hutumiwa kuwatusi watu.

Hebu tulitazame lenyewe. Kwa fundi wa cherehani, marinda ni ile mikunjo inayopangwa na kushonewa kiunoni au kwenye pindo ili nguo ipanuke na kupendeza. Aliyewahi kupiga pasi sketi ya shule anaijua taabu yake! Lakini hapa Kenya rinda pia ni vazi zima, lile ambalo Watanzania wengi huliita gauni. Ndiyo maana 'Marinda ya Amina yamechakaa' ni sentensi tata: magauni au mikunjo? Tena mtu anaweza kusema 'rinda la marinda' na asiwe amerudia neno bure. Kwa maoni yangu, mkunjo ulitangulia, kisha sehemu ikalipa vazi zima jina lake.

Kuhusu asili, Kireno kina 'renda', yaani lesi. Kishawishi cha kuyahusisha maneno haya ni kikubwa, maana leso (lenço) na foronya (fronha) zilitoka huko huko. Hata hivyo, irabu inanitatiza. 'Mesa' ilitupa meza, e yake ikasalia; mbona ya 'renda' igeuke i? Isitoshe, lesi ni kitambaa cha vitundu, si mkunjo. Maneno kufanana kwa sauti hakuyafanyi ndugu.

Maana ya mtaani nayo haina miujiza: mkunjo wa kitambaa umefananishwa na wa mwili. Ni sitiari kama nyingine, na watunga kamusi wana haki ya kuisajili, mradi waonyeshe kuwa ni lugha ya mtaani. Ninalopinga ni walimu na wahariri kulikimbia neno na kujificha nyuma ya 'mikunjo'. Nguo iliyosongamana sandukuni pia ina mikunjo, ila hakuna fundi aliyeipima wala kuipanga. Mwanafunzi wangu akiniandikia 'sketi yenye mikunjo', nitamuuliza kama imekosa pasi.